Risasi Ndani ya Wimbi

Lori la kuwachukua wafungwa lilikuwa limekwisha ondoka Kericho. Sajini Mokaya alipewa habari hiyo na karani wa chifu kabla hata hajashuka kwenye baiskeli. Barabara ya Roret ilikuwa matope matupu kwa mvua ya usiku, lakini dereva wa lori lile hakuwa mtu wa kuogopa matope. Mchana lingekuwa limefika.

Na likifika, Bilhah Nyathira, mjane aliyekamatwa asubuhi hiyo, angepandishwa, apelekwe Nakuru, akasimamishwe mbele ya jaji. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikiwasaka wapiganaji wa Kikuyu. Kupatikana na risasi ilikuwa kitanzi, na mtu mwenyewe akiwa Mkikuyu, kesi haikuchukua muda. Mokaya alikuwa amewaona watu wakiingia mahakama ile asubuhi na kutoka jioni wamekwisha hesabiwa miongoni mwa wafu. Hakuipenda kazi ya namna hiyo. Alipenda kujua kwanza.

"Nani aliyezipata?" akauliza alipoingia ofisini mwa chifu.

"Ni mimi, afande." Aliyejibu alikuwa Kipyegon arap Maritim, askari wa chifu, kijana mrefu wa hapo hapo Roret, vifungo vya shati vimesuguliwa mpaka vinameta. Juu ya meza ya chifu alikuwa ameweka ushahidi wake: kiondo kimoja, kikapu cha kusuka, kilichojaa nafaka ya wimbi, na kando yake risasi za bunduki zilizofungwa kwenye kitambaa cha gunia.

"Nieleze tangu mwanzo. Polepole."

"Jana Ijumaa ilikuwa siku ya hawa wamama wa kanisa kutoa vitu. Wanapelekea wale wajane, na wale wasichana wamekataa kuolewa. Leo asubuhi nikapata habari ya kwamba kuna kitu mbaya kwa stoo yao."

"Habari kutoka kwa nani?"

"Mtu alipita njia tu, afande. Sikumjua."

Mokaya aliguna. Watu wasiojulikana walikuwa wengi sana mwaka ule.

"Ukaingia stoo."

"Nikaingia. Huyu Nyathira ndiye anaweka ufunguo. Nikaanza na vyondo vya huko ndani kabisa, nikimwaga wimbi chini, nikimwaga mahindi, moja kwa moja, mpaka nikafika kwa hii. Risasi zikaanguka. Nikarudisha wimbi yake ndani, nikafunga mlango, chifu akaweka lakiri. Hakuna mtu ameingia tena."

"Vyondo vingapi vilikuwa na nafaka?"

"Zote, afande. Ni siku ya kutoa!"

Mokaya aliinua kile kiondo. Kilikuwa cha mkonge, na mstari mmoja wa zambarau tumboni. Kwenye mpini palikuwa na kipande cha kamba ya katani, kimefungwa fundo dogo gumu. Akaligusa lile fundo kwa kidole.

"Na kwa nini unasema ni cha Nyathira?"

"Kiondo si ni ya Wakikuyu?" Kipyegon akacheka kidogo, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

*

Nyathira alikuwa amefungiwa kwenye chumba cha majembe na sepeto nyuma ya ofisi ya chifu. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye duka dogo la sukari na mafuta ya taa, na wazazi wake walihamia Roret kabla ya vita vya kwanza vya Wazungu. Alizungumza Kikipsigis, lugha ya wenyeji, kama mtu aliyezaliwa nacho. Sasa alikaa juu ya debe lililopinduliwa, mikono magotini, na pembeni yake palikuwa na kibuyu cha uji ambao hakuugusa.

"Mama, mimi ni Sajini Mokaya. Lori linakuja."

"Nimesikia."

"Risasi ni zako?"

"Hapana."

"Ni za nani?"

"Sijui, na hiyo ni ukweli ya Mungu."

"Kiondo ni cha nani?"

Mokaya alimngoja. Katika kazi yake alikuwa amejifunza kwamba mtu asiyejua hujibu haraka, na mtu anayejua hutazama chini. Nyathira alitazama chini.

"Vyondo vyetu vyote ni sawa," akasema mwishowe. "Tulinunua pamoja kwa Zacheus, rangi moja, mstari moja. Ndiyo mtu asijue hii imejaa ni ya nani na hii haina kitu ni ya nani. Kila mtu anaingia stoo peke yake, amefunika kiondo na kitambaa. Hata yule hana kitu anaingia, anakaa kidogo, anatoka. Hakuna kuaibisha mtu. Tuliapa."

"Kiapo chenu kitakupeleka kwa kitanzi, mama."

"Najua."

"Unamficha nani?"

Kwa mara ya kwanza Mokaya aliona jinsi mwanamke huyu alivyoogopa. Aliogopa sana. Lakini alitikisa kichwa tu. "Kama ni makosa, huyo mtu hakujua. Sasa nimtoe ndiyo anyongwe badala yangu? Hapana, afande. Mimi watoto wangu ni wakubwa."

*

Mokaya alimwendea Zacheus mwenye duka kwa sababu ya ile kamba ya katani. Zacheus alikuwa shemeji ya Nyathira, ndugu wa marehemu mumewe, na soko zima lilijua kwamba alilitolea macho lile duka la sukari tangu siku ya matanga. Vyondo vilitoka kwake. Kamba za namna ile zilining'inia mlangoni pake. Ukimtafuta mbaya wa Nyathira, huyu alikaa mbele kabisa bila kualikwa.

"Ati mimi?" Zacheus alifoka, kisha akakumbuka anazungumza na nani, akapunguza sauti. "Afande, mimi ni Mkikuyu. Tangu jana saa saba mpaka giza nilikuwa kwa foleni ya kuandikiwa kipande cha kutembea nacho, pale kwa posti ya homgadi. Uliza huko. Tulikaa chini kwa matope kama kondoo. Na nikitaka duka ya Nyathira, si nitaitisha kwa wazee? Risasi! Wakipata risasi kwa Mkikuyu mmoja, hawachukui mmoja. Wanachukua mtaa."

Mokaya aliona hofu yake ni ya kweli, akamwonyesha kile kipande cha kamba. "Kamba hii ni yako?"

"Ni yangu. Nafungia kila mtu mzigo nayo. Juzi nimefungia hata askari wa chifu boksi ya kiwi ya viatu na sabuni."

"Askari yupi?"

"Wote wananunua kiwi, afande. Mimi siulizi majina."

Kwenye posti ya homgadi, wale wanamgambo wa serikali, walithibitisha. Zacheus alikuwa kwenye foleni hiyo mchana kutwa, na alikuwa amewachosha watu wote kwa manung'uniko. Saa nzima ilikuwa imepotea. Mokaya alitazama barabara ya Kericho kwa jicho la wizi na kuona ukungu tu, akashukuru.

*

Stoo ya wanawake ilikuwa nyuma ya kanisa la mabati, kibanda cha udongo kisicho na dirisha. Mokaya alimwita Priscillah Chepngeno, kiongozi wa wale wanawake, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye tangu asubuhi alikuwa amesimama nje ya ofisi ya chifu bila kukubali kiti. Mokaya akavunja lakiri mbele yake, akawasha taa ya kandili, akaingia.

Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko Priscillah alivyopenda.

Katikati ya sakafu palikuwa na ngozi ya ng'ombe, na juu ya ngozi rundo moja kubwa la wimbi. Pembeni, rundo la mahindi. Vyungu vya maziwa vilijipanga ukutani. Na vile vyondo, vyote, vilikuwa kwenye kona, vitupu, vimeshindiliwa kimoja ndani ya kingine.

Mokaya akapiga magoti. Sakafu ilikuwa ya udongo uliosiribwa kwa samadi, laini kabisa. Akaimulika toka ukuta hadi ukuta. Hapakuwa na punje iliyomwagika, si ya wimbi wala ya mahindi. Akachota wimbi la kwenye rundo, akalisogeza karibu na taa. Lilikuwa la kila namna: jekundu, la kahawia, jeusi, jingine limepepetwa, jingine bado na makapi. Kisha akatoa mfukoni konzi aliyoichota kwenye kiondo cha Kipyegon. Hiyo ilikuwa ya rangi moja, imepepetwa vizuri, haina hata kapi.

"Mama Priscillah, nani alichanganya hii?"

Priscillah aligeuza uso.

"Askari amesema aliingia hapa leo asubuhi akakuta kila kiondo kina nafaka. Amesema alizimwaga chini moja moja. Mimi naona hakumwaga kitu. Naona vyondo vilikuwa vitupu kabla yeye hajaingia. Aliona giza, akashika kile alichokifuata, akatoka. Ni nani alichanganya hii nafaka, na lini?"

"Hiyo ni maneno ya wamama. Wanaume hawaambiwi."

"Basi nitamwambia Bwana Inspekta anayekuja na lori kwamba Nyathira alinyongwa kwa sababu ya maneno ya wamama."

Priscillah alimtazama kwa ghadhabu ya kweli. Kisha ghafla akakaa chini, pale pale mlangoni, na ile sauti ya kuamrisha ikamwisha.

"Watu wakitoka wote," akasema, "mimi na Nyathira tunafunga mlango kwa ndani. Tunamwaga kila kiondo hapa kwa ngozi. Tunakoroga na mikono, mpaka hapa." Akajigusa kiwiko. "Kwa sababu kama hatukorogi, kesho mtu ataangalia ile wimbi nyeusi aseme hii ni ya fulani, alileta kidogo. Na yule msichana anakula atajua anakula ya nani, aanze kuogopa huyo mtu. Tukikoroga, inakuwa ya Mungu. Hakuna mwanaume anajua. Hata pastori."

"Jana mlikoroga?"

"Tulikoroga. Kiondo moja haikubaki. Kama kungekuwa risasi, si ningeishika na hii mkono?"

Mwanamume yeyote wa Roret alijua wanawake huingia na vyondo vilivyojaa, aliwaona njiani. Kilichofanyika ndani baada ya mlango kufungwa, hakukijua. Mwenye risasi alikuwa amezificha kwenye kiondo kimoja akidhani kitalala kati ya ndugu zake waliojaa kama yeye, akakitia fundo la kamba ili akitambue. Hakujua kwamba ndugu wenyewe wangekuwa watupu.

"Basi hiki kilikuja baadaye," akasema. "Mlipomaliza kukoroga, nani alipiga hodi?"

Priscillah akafumba macho.

"Mama. Alikuja mtu, mkamfungulia, mkampa mgongo kama desturi yenu, akaweka kiondo chake karibu na mlango akaondoka. Na nyinyi mlikuwa mmechoka, mkasema tutakoroga kesho. Sivyo?"

"Giza ilikuwa inaingia," Priscillah alinong'ona.

"Ni nani?"

"Siwezi. Niliapa na mkono kwa Biblia. Nikitaja mmoja, hakuna mama ataingia hapa tena. Na wale wasichana tumesomesha, wale tumeficha, watarudishwa kwa wale wazee walitaka kuwaoa. Unataka nivunje yote?"

Mokaya hakumlazimisha. Alikuwa amekwisha ona njia nyingine. "Sitaki jina. Niambie kitu ambacho soko zima linajua. Ni nani kati ya wasichana wenu ndugu yake ni askari wa chifu?"

Priscillah alifungua macho.

"Cherotich," akasema. "Dada ya Kipyegon. Alikuwa aolewe na mzee mmoja ya Siongiroi. Tulimtoa, tukampeleka shule ya bweni. Ng'ombe za mahari zilirudi kwa huyo mzee. Kipyegon alikuwa ameziweka tayari za kuoa yeye mwenyewe."

"Na mama yao?"

"Mama yao ni Rebeccah," akasema Priscillah, na machozi yakamtoka. "Mama yao ni mmoja wetu."

*

Uongo wa askari si ushahidi. Mokaya alilijua hilo njia nzima akipanda kilima kwenda kwa Rebeccah, miguu ikiteleza, masikio yakisikiliza kama kuna mngurumo wa lori. Bwana Inspekta angemwambia kijana alijisifu tu, kama askari wote wanavyojisifu. Alihitaji mtu aliyekibeba kiondo. Na mtu huyo akikiri kwamba alikibeba, je, si yeye atakayepandishwa lori? Mokaya alikuwa na mama huko Kisii. Alitamani siku hiyo wangemtuma mtu mwingine.

Rebeccah alikuwa uani, akipepeta wimbi kwenye ungo. Mwanamke mwembamba, mpole, kitambaa cheupe kichwani. Alipomwona askari alisimama haraka.

"Ameachiliwa?" akauliza. "Nyathira? Nilimpelekea uji, wakasema atakula."

Kumbe kile kibuyu kilitoka kwake. Mokaya alitazama wimbi kwenye ungo: la rangi moja, halina kapi. Hakuwa na haja ya kutoa konzi yake mfukoni.

"Mama, jana ulichelewa kanisani."

Uso wa Rebeccah ulibadilika, lakini si kwa hofu. Alionekana kama mtu aliyeulizwa habari njema. "Nilichelewa, ndiyo. Ilikuwa ni mtoto yangu. Alinikuta kwa njia, akaniambia, mama, umechoka, leta nikubebee mpaka hapo kwa kanisa. Kipyegon! Tangu tupeleke dada yake shule alikuwa hanisalimii, afande. Anakula chakula yangu na ananipa mgongo. Jana akachukua kiondo yangu na mkono yake. Akasema nipumzike kwa mawe kidogo, yeye anaenda kufunga kamba ya viatu nyuma ya mti. Nilikaa. Nililia kwa furaha. Nikasema Mungu amenirudishia mtoto."

Mokaya alimwona akiyafuata maneno yake mwenyewe mpaka mwisho wake. Ungo ulianza kuinama mikononi mwake. Wimbi likamwagika, kidogo kidogo, kisha lote, na kuku wakaja mbio.

"Nyuma ya mti," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alikaa sana."

"Ndiyo."

Akakaa chini kwenye udongo mtupu, mama mtu mzima, akaweka mikono kichwani. Hakupiga kelele. Mokaya alichuchumaa karibu naye. Huko bondeni, mbali, injini ilikuwa ikivuta kilima kwa gia ndogo.

"Nikisema," Rebeccah akauliza, "watamfanya nini?"

Mpelelezi mwingine angemdanganya. Kungekuwa rahisi, na kesi ingekwisha. "Sijui, mama. Ni askari wa serikali, huenda wakamfunga miaka mingi. Lakini risasi ni risasi. Huenda wakamnyonga."

"Na nikinyamaza?"

"Watamnyonga Nyathira. Yeye anajua ni wewe ulichelewa. Amekataa kukutaja."

Rebeccah alimgeukia. "Amekataa?"

"Tangu asubuhi."

Aliwatazama kuku wakidonoa lile wimbi lililokuwa la kutolewa Ijumaa ijayo. Kisha akasimama, akajipangusa, akafunga upya kitambaa chake, na kutangulia njia bila kumngoja.

*

Lori lilikuwa limesimama mbele ya ofisi ya chifu, injini bado inaunguruma. Nyathira alikuwa amekwisha tiwa pingu, mguu mmoja juu ya ngazi ya lori. Watu wa soko walisimama mbali, Wakipsigis upande huu, Wakikuyu upande ule, hakuna aliyetaka kuonekana karibu na mwingine. Mbele yao wote, bunduki begani, alisimama Kipyegon.

Mokaya alimwendea Bwana Inspekta, akapiga saluti, akaeleza kwa maneno machache: lile rundo, vyondo vitupu, sakafu isiyo na punje. Bwana Inspekta alitazama saa yake.

"Shahidi?"

"Yuko hapa, bwana."

Rebeccah alipita katikati ya watu. Hakumtazama Inspekta wala chifu. Alikwenda akasimama mbele ya mwanawe, karibu kabisa, kichwa chake kikifika kwenye vile vifungo vinavyometa.

"Kiondo ni yangu," akasema kwa sauti iliyosikika mpaka upande wa pili wa barabara. "Wimbi ni yangu. Mimi ndiye niliweka kwa stoo. Aliyenibebea kwa njia, akaenda nayo peke yake nyuma ya mti, ni huyu mtoto yangu, Kipyegon."

"Mama," Kipyegon akasema. Kijana alikuwa amegeuka majivu. "Mama, unaniua."

"Ulinibebea kiondo," akasema Rebeccah. "Nilikushukuru. Nilikuombea usiku mzima."

Kwa ishara ya Bwana Inspekta, bunduki ilichukuliwa begani pa Kipyegon naye akaachia, kama mtu anayepokewa mzigo. Pingu zilikuwa jozi moja tu. Mokaya alizifungua mikononi mwa Nyathira, na zilikuwa bado na joto lake alipozifunga kwenye mikono ya yule kijana. Kipyegon akapandishwa mahali pa Nyathira, lori likageuza, likachimba matope, likaondoka naye.

Hapo ndipo Nyathira alipoondoka pale alipokuwa amesimama, akavuka ile nafasi iliyokuwa tupu kati ya watu, mikono imefunguliwa, machozi yanamtiririka, akitaka kumkumbatia Rebeccah.

Rebeccah akarudi nyuma hatua moja.

"Usinishike bado," akasema.